Maisha ya Blagoje Vidinić, Mlinda-Goli Aliyekuwa Mwalimu wa Léopards

Katika kitabu hiki cha yubile mmesoma habari za wale waliochimba misingi, waliofundisha watoto kusoma, na waliopanda vilima kwa miguu wakiwatafuta watu. Hapa tunaongeza maisha ya mtu wa namna nyingine, mchezaji wa mpira wa miguu aliyegeuka kuwa mwalimu wa mpira. Hakuwa mtu wa Bukavu wala wa Kongo. Lakini jina lake linatajwa bado wazee wanapokutana kuongea habari za Muungano na Bukavu Dawa, na za michezo ya zamani kwenye Stade de la Concorde kule Kadutu, hata mazungumzo yakarudi kwenye mwaka wa 1974.

Na hapo watu hugawanyika. Kuna wanaomkumbuka kwa kikombe alichotuletea kutoka Misri. Kuna wanaomkumbuka kwa magoli tisa ya Ujeremani, nao husema maneno makali juu yake. Walio wengi wanajua siku ile moja tu. Kwa sababu hii tumeona vema kusimulia maisha yake yote, tangu mwanzo hata mwisho, ili vijana wetu wayapime wenyewe.

UTOTO NA UJANA

Blagoje Vidinić alizaliwa tarehe 11 Juni 1934 katika mji wa Skopje. Mji huo wakristu wanaujua vizuri, kwani ndimo alimozaliwa Mama Teresa wa Kalkuta, mwaka wa 1910. Siku zile Skopje ilikuwa mji wa ufalme wa Yugoslavia. Leo ni mji mkubwa wa inchi inayoitwa Makedonia ya Kaskazini. Kijana Vidinić alikua katika miaka ya vita kuu ya pili, na alipopata umri wa kucheza na wakubwa, inchi yake ilikuwa imekwisha kuwa jamhuri ya kikomunisti chini ya Marshal Tito.

Alianza kucheza katika ekipe ya mji wake, Vardar, kiisha akahamia mji mkubwa wa Beograd na kuingia ekipe ya Radnički. Kazi yake uwanjani ilikuwa kulinda goli. Vijana wanaocheza mpira wanajua uzito wa fasi hiyo. Mshambuliaji akikosa mara tisa na kufunga mara ya kumi, watu wanamshangilia. Mlinda-goli akiokoa mara tisa na kuacha mpira wa kumi upite, watu wanakumbuka ule wa kumi. Anayeichagua kazi hiyo sherti azoee kulaumiwa mbele ya watu wote, tena asikimbie.

MEDALI YA FEZA NA MEDALI YA ZAHABU

Yugoslavia ya miaka ile ilikuwa na wachezaji hodari sana. Mwaka wa 1956 Vidinić alikuwa mmoja wa kundi la inchi lililokwenda kwenye Michezo ya Olimpiki huko Melbourne, Australia. Walifika mchezo wa mwisho, wakashindwa na Umoja wa Kisovyeti goli moja kwa bure, wakarudi na medali ya feza.

Mwaka wa 1960 ulikuwa mwaka wake mkubwa wa kucheza. Kongo ilipata uhuru wake tarehe 30 Juni. Siku kumi baadaye, tarehe 10 Julai, Vidinić alisimama golini mjini Paris katika mchezo wa mwisho wa mashindano ya kwanza kabisa ya mataifa ya Ulaya. Upande wa pili, katika goli la Wasovyeti, alisimama Lev Yashin, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mlinda-goli mkubwa kuliko wote waliopata kuwako. Yugoslavia walitangulia kufunga, Wasovyeti wakasawazisha, na katika muda wa nyongeza Viktor Ponedelnik akapiga kichwa kilichomaliza mambo, magoli mawili kwa moja. Vidinić akakosa tena taji kwa goli moja.

Lakini mwaka haukuwa umekwisha. Mwezi wa tisa Yugoslavia walikuwa Roma kwa Olimpiki. Mbele ya Waitalia wenyewe walitoka sawa, goli moja kwa moja, na kwa kuwa siku zile hapakuwa na desturi ya kupiga penalti, kura ikaamua, nayo ikawaangukia Yugoslavia. Tarehe 10 Septemba wakacheza mchezo wa mwisho na Denmark. Kapiteni wao, Milan Galić, alifunga mapema sana, kiisha akafukuzwa uwanjani kabla ya mapumziko. Wakabaki kumi. Hata hivyo walishinda magoli matatu kwa moja, na mlinda-goli wao alikuwa Vidinić. Baada ya kushindwa Melbourne na Paris, alivikwa medali ya zahabu Roma, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Kiisha alitoka katika inchi yake. Alicheza Uswisi katika ekipe ya Sion, akavuka bahari kwenda Marekani, ambako mpira wa miguu ulikuwa mchezo mgeni uliotafuta wapenzi. Huko alilinda goli Los Angeles, San Diego na Saint Louis mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1960. Ndivyo alivyojifunza kuishi kati ya watu wasiosema lugha yake, na kuelewana nao kwa njia ya kazi. Elimu hiyo ilimfaa kwa miaka yote iliyofuata.

MWALIMU WA MAROKO

Ualimu wake mkubwa wa kwanza ulikuwa Afrika. Mwaka wa 1970 Vidinić aliongoza ekipe ya Maroko kwenye Kikombe cha Dunia huko Meksiko. Tusisahau hali ya siku zile. Kabla ya hapo ni Misri tu, mwaka wa 1934, iliyokuwa imefika mashindano hayo kutoka bara letu, nayo ilicheza mchezo mmoja, ikashindwa, ikarudi. Kwa mashindano ya 1966 Afrika yote ilikataa kushiriki, kwa kuwa haikupewa hata fasi moja yake yenyewe. Maroko walikuwa wa kwanza kuingia kwa fasi hiyo iliyopiganiwa.

Tarehe 3 Juni, katika mji wa León, walikutana na Ujeremani ya Magharibi. Watu walingoja maangamizi. Badala yake Houmane Jarir aliwafungia Maroko goli la kwanza, na mpaka mapumziko Wajeremani walikuwa nyuma. Ilibidi wakubwa wao wawili, Uwe Seeler na Gerd Müller, wafunge katika kipindi cha pili ili kuokoa heshima ya inchi yao. Siku tatu baadaye Maroko walishindwa na Peru magoli matatu kwa bure. Lakini katika mchezo wa mwisho walitoka sawa na Bulgaria, goli moja kwa moja, na hiyo ikawa pointi ya kwanza kupatwa na inchi ya Afrika katika Kikombe cha Dunia. Maroko hao hao walifika nusu ya mwisho mwaka wa 2022. Anayehesabu safari hiyo sherti aanze kuhesabu kwenye ile pointi moja ya Vidinić na wachezaji wake.

KINSHASA

Toka Maroko aliitwa Kinshasa. Inchi yetu ilikuwa imepewa jina la Zaire mwezi wa kumi mwaka wa 1971, na Rais Mobutu aliuona mpira kuwa njia ya kuutangaza utawala wake. Lakini ni haki kusema kwamba mpira wetu ulikuwa hodari kabla ya mwalimu huyu kufika. Englebert ya Lubumbashi, inayoitwa leo Mazembe, ilichukua kikombe cha mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 1967 na 1968. Mwaka wa 1968 ekipe ya inchi ilishinda Kikombe cha Mataifa huko Addis Ababa, chini ya mwalimu Mhungari, Ferenc Csanádi. Mwaka wa 1973 Vita Club ya Kinshasa nayo ikawa bingwa wa bara. Vidinić hakuumba vipaji. Alivikuta, na kazi yake ilikuwa kuwaunganisha watu wa Lubumbashi na watu wa Kinshasa, wa Mazembe, wa Vita na wa Imana, waliozoea kupambana wao kwa wao, ili wawe ekipe moja.

Majina yao wazee wanayakumbuka: Kazadi Mwamba golini, Mwepu Ilunga, Mwanza Mukombo, Lobilo na Bwanga Tshimen nyuma, na huyu Bwanga alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973, kapiteni Kidumu Mantantu, Kibonge Mafu na Mana katikati, na mbele Mayanga, Kakoko, Kembo, pamoja na Ndaye Mulamba.

Njia ya kwenda Ujeremani ilikuwa ndefu. Waliwaondoa Togo, kiisha Kamerun baada ya michezo mitatu. Walishindwa na Ghana kule Accra goli moja kwa bure, wakajibu Kinshasa kwa magoli manne kwa moja. Mwishoni zilibaki inchi tatu, Zaire, Zambia na Maroko. Zaire walishinda Zambia nje na nyumbani. Tarehe 9 Desemba 1973 Maroko walifika Kinshasa, kwenye uwanja wa 20 Mai. Uwanja huo ulijengwa kwa juhudi ya Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut, na leo unaitwa kwa jina lake, Tata Raphaël.

Hebu tufikirie hali ya Vidinić siku hiyo. Mbele yake walisimama Wamaroko, ambao mpira wao aliwahi kuuongoza hata Meksiko. Alizijua desturi zao, uhodari wao na udhaifu wao. Zaire walishinda magoli matatu kwa bure. Maroko walinung'unika sana juu ya mwamuzi, wakakataa kucheza mchezo wa marudiano. Hivyo Zaire ikawa inchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kuingia Kikombe cha Dunia. Siku hiyo hakuna aliyemwambia Vidinić kwamba hakuwatendea haki wachezaji wake wa zamani. Watu wote walielewa kwamba mwalimu anafanyia kazi wale aliokabidhiwa. Tulishike neno hilo, kwani litatufaa mbele.

KIKOMBE CHA MISRI

Mwezi wa tatu mwaka wa 1974 Léopards walikwenda Misri kwa Kikombe cha Mataifa ya Afrika. Waliwashinda Gine magoli mawili kwa moja, wakashindwa na ndugu zao wa Kongo-Brazzaville magoli mawili kwa moja, wakawafunga Morisi manne kwa moja. Katika nusu ya mwisho, mjini Cairo, walikuta Wamisri na watu wao uwanja mzima. Misri walifunga mara mbili. Kwa ekipe nyingi safari ingekuwa imeishia hapo. Lakini Ndaye alifunga mawili na Kidumu moja, na Zaire wakatoka na ushindi wa magoli matatu kwa mawili.

Mchezo wa mwisho ulikuwa na Zambia, tarehe 12 Machi. Ndaye alifunga la pili dakika chache kabla ya mwisho wa muda wa nyongeza, watu wakaanza kusherehekea, na hapo hapo Zambia wakasawazisha, mawili kwa mawili. Ikabidi mchezo urudiwe baada ya siku mbili. Ekipe iliyoponyokwa na kikombe namna hiyo inaweza kuvunjika moyo usiku mmoja. Kazi ya mwalimu ndiyo hiyo, kuwainua watu kati ya mchezo na mchezo, pasipo mtu kuiona. Tarehe 14 Machi Ndaye alifunga mara mbili tena, na Zaire ikashinda magoli mawili kwa bure. Ndaye alikuwa amefunga magoli tisa katika mashindano yale, na hesabu hiyo haikufikiwa na mwingine katika mashindano yaliyofuata kwa miaka mingi.

Léopards walipokewa Kinshasa kama wafalme. Rais aliwapa zawadi za nyumba na magari. Kutoka bahari ya Moanda mpaka ziwa letu la Kivu, watu walijivuna. Mlinda-goli wa Skopje alikuwa amempa mtu wa Zaire furaha ambayo vijana wa leo wameisikia kwa masimulizi tu.

SIKU TISA ZA UJEREMANI

Miezi mitatu baadaye walikuwa Ujeremani. Tarehe 14 Juni, mjini Dortmund, walicheza na Uskoti. Wazungu wengi walikuja kuwacheka, wakaondoka kimya. Zaire walishindwa magoli mawili kwa bure, lakini walicheza mpira mzuri, wakashambulia pasipo woga, na wengi waliwasifu.

Mchezo wa pili ulikuwa na Yugoslavia. Kura ya kupanga makundi ndiyo iliyotaka hivyo: Vidinić, mwenyi medali ya zahabu ya Yugoslavia, asimame upande wa Zaire mbele ya inchi yake ya kuzaliwa. Lakini jambo baya zaidi lilikuwa limetokea ndani. Kama wachezaji wenyewe walivyosimulia miaka iliyofuata, walipata habari kwamba feza walizoahidiwa hazitawafikia, zimebaki mikononi mwa wakubwa waliofuatana nao. Walitaka kukataa kucheza. Mwishowe wakashawishiwa kuingia uwanjani, lakini miili iliingia na mioyo ikabaki nje.

Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia walifunga goli la kwanza dakika ya nane. Dakika ya kumi na nane yalikuwa matatu. Hapo likafanyika jambo ambalo watu wanalibishania mpaka leo: Kazadi, mlinda-goli bora wa Zaire, akatolewa, akaingia Tubilandu. Mpira wa kwanza aliouokota Tubilandu aliuokota ndani ya nyavu zake, goli la nne. Wachezaji walimzunguka mwamuzi, Mkolombia, kwa hasira. Mmoja akampiga teke kwa nyuma, na mwamuzi akamfukuza Ndaye, ambaye hakuwa na kosa. Mwepu Ilunga ndiye aliyempiga, akabaki kucheza. Zaire wakabaki kumi, mwalimu akabaki pasipo mfungaji wake mkubwa. Mpaka mapumziko yalikuwa sita, na mwisho yalikuwa tisa kwa bure. Ni mara moja tu kabla ya hapo, mwaka wa 1954, ekipe ilishindwa vibaya namna hiyo katika Kikombe cha Dunia: Korea ya Kusini mbele ya Hungaria.

Siku nne baadaye, tarehe 22 Juni, ilikuwa zamu ya Brazili, mabingwa wa dunia. Mwepu alisimulia baadaye kwamba walionywa na watu wa rais: wakifungwa zaidi ya magoli matatu, wasitumaini kurudi salama kwao. Brazili nao walihitaji magoli matatu kamili ili wawapite Uskoti. Karibu na mwisho wa mchezo Wabrazili walipewa mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, Mwepu alitoka katika ukuta wa wenzake akaupiga mbali. Dunia nzima ilicheka, ikasema kwamba Waafrika hawajui sheria za mpira. Mwepu alieleza kwamba sheria aliijua vema, bali alikuwa na hasira na wale waliowanyima haki yao. Waliocheka hawakujua kwamba walikuwa wanawatazama watu wenyi hofu. Mchezo ulikwisha magoli matatu kwa bure, yaani kiasi kile kile cha mwisho walichoruhusiwa. Kazadi alikuwa amerudi golini.

JUU YA TUHUMA

Léopards waliporudi hawakupokewa na mtu. Nyumba na magari yalisahauliwa, na wengi walijifia katika umaskini. Juu ya mwalimu wao likazuka neno baya zaidi, kwamba Vidinić aliwauza Zaire kwa ndugu zake Wayugoslavia. Ushahidi wao ulikuwa kutolewa kwa Kazadi, na kwamba magoli yale mengi yaliwasaidia Yugoslavia kuwa wa kwanza katika kundi. Wengine waliandika kwamba amri ya kumtoa Kazadi haikuwa ya mwalimu, bali ilitoka kwa mkubwa wa serikali. Tuhuma hiyo ya kuuza mchezo haikuthibitishwa.

Tuipime kwa utaratibu, kama inavyofaa kupima jina la mtu. Kwanza, magoli matatu yalikuwa yameingia kabla Kazadi hajatoka, tena katika dakika kumi na nane. Kilichoanguka siku ile kilikuwa kimeanguka kabla. Pili, wachezaji wenyewe, waliokuwako, hawakusema kwamba mwalimu aliwauza. Walisema kwamba walinyimwa feza yao na kwamba hawakuwa na moyo wa kucheza. Tatu, ni mtu huyu huyu aliyewaondoa Maroko mwaka mmoja nyuma. Ikiwa tuliamini kwamba alitufanyia kazi kwa uaminifu mbele ya Wamaroko, kwa sababu gani tuseme kwamba uaminifu wake ulikoma alipoona bendera ya inchi yake? Tulimshuku kwa ajili ya fasi alikozaliwa. Sisi watu wa Kivu tunajua vizuri uchungu wa kuhukumiwa kwa kabila au kwa mahali pa kuzaliwa, na madhara yake tumeyaona.

Hatusemi kwamba hakukosa. Kumtoa mlinda-goli katikati ya dhoruba, ikiwa ni shauri lake, lilikuwa shauri baya, na yeye mlinda-goli alipaswa kulijua kuliko wote. Lakini kukosa shauri ni jambo moja, na kuuza watu ni jambo lingine. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Anayechanganya mambo hayo mawili anamwibia mtu jina lake, na jina likiibwa ni vigumu kurudishwa.

MIAKA YA MWISHO

Baada ya Ujeremani, Vidinić hakukaa tena Zaire. Mwaka wa 1976 alikwenda Amerika ya Kusini kuwa mwalimu wa ekipe ya Kolombia. Huko pia alionja furaha na uchungu wa kazi yake karibu pamoja. Mwaka wa 1977, katika kutafuta nafasi ya Kikombe cha Dunia, Kolombia waliwazuia Brazili mjini Bogotá, bure kwa bure. Muda mfupi baadaye, kule Rio de Janeiro, Brazili hao hao wakawafunga magoli sita. Aliendelea na kazi yake huko mpaka mwaka wa 1979.

Uzee wake ulimkuta Ufaransa, na aliaga dunia katika mji wa Strasbourg tarehe 29 Desemba 2006, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Kufika siku hiyo, inchi iliyomzaa ilikuwa imekwisha kuvunjika kwa vita tangu mwaka wa 1991, na jina la Zaire lilikuwa limefutwa mwaka wa 1997. Inchi mbili zilizopambana Gelsenkirchen hazikuwako tena hata moja. Katika wachezaji wake, Kazadi alikuwa ametangulia mwaka wa 1996. Mwepu alimfuata mwaka wa 2015, na Ndaye mwaka wa 2019, huko Afrika ya Kusini, mbali na kwao.

TUKUMBUKE NINI?

Tukiyaweka maisha haya kwenye mizani, twaona upande mmoja medali ya zahabu ya Roma, pointi ya kwanza ya Afrika, njia ya kwanza ya inchi za kusini mwa Sahara kwenda Kikombe cha Dunia, na kikombe cha Misri. Upande wa pili twaona saa moja na nusu ya Gelsenkirchen. Na ni hiyo saa moja na nusu inayotajwa zaidi. Ndivyo ilivyo fungu la mlinda-goli, na Vidinić alibaki mlinda-goli hata alipokaa kwenye kiti cha mwalimu: mipira iliyookolewa haihesabiwi, iliyopita inaandikwa.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Vidinić hakucheza kwao. Aliwafundisha Wamaroko, Wazaire na Wakolombia, na kila mara alitoa elimu yake yote kwa watoto wa watu wengine. Wale wanaofundisha katika parokia, shuleni au viwanjani wanajua kazi hiyo. Mwalimu hupanda, na siku ya mavuno pengine yuko mbali, au jina lake limesahauliwa, au linatajwa kwa lawama tu.

Basi ninyi vijana mnaocheza mpira, mkishindwa siku moja, msikubali kwamba siku hiyo ndiyo maisha yenu yote. Ninyi mnaotunza feza za ekipe na za chama, kumbukeni kwamba Léopards walishindwa kwanza mikononi mwa watunza-feza, kabla hawajashindwa miguuni mwa Wayugoslavia. Na sisi watazamaji tulioketi pembeni, tunapotaka kulitaja jina la mtu kwa ubaya, tujiulize kwanza kama tumehesabu siku zake zote.